Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Vienna Wasio na Haraka

Kwa Wajumbe wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya,

Hongera kwa subira. Aprili 2010 Uingereza ilipiga marufuku mefedroni, unga wa kulevya uliokuwa ukiuzwa mtandaoni kama mbolea ya mimea, pakiti ikiwa na onyo kwamba haufai kuliwa na binadamu. Tume iliuingiza katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa Machi 2015. Mtoto aliyezaliwa siku ya marufuku ya London alikuwa keshaanza chekechea.

Wenye kulaumu hawajui utaratibu. Kwanza dawa itokee, ilevye, iue kiasi. Kisha taarifa iandikwe, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waketi kuipima, mapendekezo yaende Vienna, na kura ipigwe Machi. Kasoro ni moja tu: mkemia hana adabu ya vikao. Hubadilisha kipande kimoja cha molekuli, na kilichopigwa marufuku jana kinaamka leo na jina lisilomo orodhani. Umoja wa Mataifa wenyewe umekwishahesabu zaidi ya vilevi vipya 1,200 vya aina hiyo.

China ilikosa uvumilivu. Tarehe 1 Mei 2019 ikapiga marufuku ukoo mzima wa fentanili, afyuni ya maabara, badala ya kumwita kila mwanafamilia kwa jina. Wafanyabiashara, watu wasiojua kununa, wakageukia kuuza kemikali za kuitengenezea.

Nitazini, afyuni nyingine za maabara, nazo zikapata soko. Hizi si ngeni: zilibuniwa miaka ya 1950 katika maabara za kampuni ya CIBA, Uswisi, na hazikuwahi kuidhinishwa kutibu mtu. Fomula zilibaki kwenye majarida ya kisayansi, zikimngoja msomaji mwenye bidii. Akapatikana.

Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya kush, mchanganyiko unaovutwa na vijana wa Freetown hadi wanalala wamesimama. Vipimo vilivyochapishwa Februari 2025 vilikuta nitazini katika karibu nusu ya sampuli. Mwezi uliofuata Tume iliongeza nitazini nne orodhani. Nne! Makofi yalistahili.

Ombi basi ni dogo. Ratiba ya vikao itumwe mapema kwa wakemia wote, kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, ili pasiwe na mwenye kutoa bidhaa mpya kati ya Aprili na Februari.

Wenu katika foleni.