Wiki ya Vielezi

Jumatatu. Mtihani wa ujirani mwema, tunaoufanya pamoja na shule jirani, ni Alhamisi, na swali la tatu ni la vielezi: mtahiniwa apigie mstari kielezi katika kila sentensi ya Kiingereza. Nimefika steshenari mapema kutoa kopi. Mbele yangu palikuwa na foleni ya watu wenye fomu. Zamu yangu ilipofika, umeme ukakatika. Mwenye duka alisema unarudi sasa hivi. Ulirudi alasiri.

Jumanne. Kidato cha kwanza. Watoto hawa wengi wametoka shule ambako Kiingereza kilikuwa somo moja tu. Sasa karibu kila somo liko kwa Kiingereza. Huko walikotoka wamepewa njia ya mkato: tafuta neno linaloishia na "ly". Kwa "She sings beautifully" njia hiyo inafika. Nikaandika ubaoni "My friendly uncle drives fast". Darasa zima likachagua "friendly". Nikawaonyesha kwamba neno hilo linamweleza mjomba, kwa hiyo ni kivumishi. Anaendeshaje? "Fast". Hicho ndicho kielezi, na hakina "ly" hata moja. Msichana wa dawati la nyuma akauliza kama "July" nayo ingehesabiwa. Swali zuri kuliko yote ya muhula huu. Kengele ikagongwa kabla sijamsifu.

Jumatano. Kikao cha mwongozo wa kusahihisha kilichelewa kwa sababu mwenyekiti alikuwa bado kwenye daladala. Mwongozo wenyewe unatoa alama kwa "lonely" na kuinyima "often". Nikaomba nafasi nizungumze. Nikasema kielezi hakijulikani kwa mkia wake. Kinajulikana kwa kazi kinayofanya. Kiulizie kitenzi: vipi, lini, wapi, mara ngapi? Kisha tazama kama neno lenyewe linaongeza uzito wa kivumishi, kama "very tired", au wa kielezi kingine, kama "too slowly". Watoto hawa wanavitambua "haraka", "jana", "sana" na "kwa hasira" bila kuhitaji herufi za mwisho zinazofanana. Uwezo wanao tayari. Mwenyekiti alishukuru kwa mchango na kutangaza chai. Ilikuwa imepoa.

Alhamisi. Mtihani umefanyika. Kopi hazikutosha, wakasoma wawiliwawili.

Ijumaa. Nimesahihisha hadi giza likaingia. Katika "He works hard" wengi hawakuona kielezi. Katika "He hardly works" walikiona mara moja, kisha wakatafsiri kwamba mtu huyo ana bidii, ilhali ni kama hafanyi kazi kabisa. Hili linaniuma. Mwanafunzi huyohuyo akilikuta "hardly" katika kitabu cha Fizikia, sentensi nzima itamgeukia, na atadhani Fizikia ndiyo iliyomshinda.

Mmoja alipigia mstari "home" katika "We went home". Walikwenda wapi? Nyumbani. Ni kielezi cha mahali. Mwongozo unasema ni nomino. Nimempa alama yake kwa wino mwekundu na kutia saini pembeni.

Jumamosi. Mwalimu wa taaluma anataka maelezo ya alama hiyo kwa maandishi, leo, siku ya mapumziko. Nimeandika kurasa mbili. Nitaongeza ya tatu, maana "late" na "lately" bado sijazigusa.