Muulize Mzee Pedali

Mwezi huu barua za Lulimba zimezidi za Baraka na Fizi kwa pamoja. Vijana wameona kwenye simu watu wanaopanda baiskeli ya gurudumu moja, na tangu hapo mafundi wa kuchomelea hawalali na wauza plasta wamenenepa. Nimechagua barua chache. Wale walioniuliza dawa ya mapenzi wasubiri mwezi ujao.

*Jambo Mzee. Nilichukua kinga ya marehemu babu, ile baiskeli ya Phoenix nyeusi, fundi akaikata nusu akaisimamisha wima: kiti juu, pedali katikati, gurudumu la nyuma chini, mnyororo unashuka kama kawaida. Nikikanyaga mbele inakwenda. Nikitaka kujizuia kwa kukanyaga nyuma, pedali zinazunguka bure na mimi naenda chali. Wadogo zangu wanaleta viti vyao kuja kutazama. Nifanyeje?* – Chali kwa Chali, Lulimba

Kwanza, pole kwa babu, maana sasa amefiwa na kinga yake huko aliko.

Ugonjwa wako uko kwenye friwili, kile kigurudumu chenye meno kinacholia tikitiki ukiacha kukanyaga. Kiliwekwa ili mtu apumzishe miguu kwenye mteremko. Kwenye gurudumu moja hakuna kupumzika. Mwili ukianguka mbele, unakanyaga mbele ili gurudumu likufuate. Ukianguka nyuma, unakanyaga nyuma lirudi chini yako. Mchezo wote ni huo, na friwili inakunyima nusu yake.

Fundi atakuambia aichomelee izibe. Anaweza, lakini muulize swali moja: friwili imeshikwaje kwenye gurudumu? Imefungwa kwa hesi, na inakaza ukikanyaga mbele. Ukiiziba halafu ukakanyaga nyuma kwa nguvu, itajifungua yenyewe polepole, mpaka siku utakayokuwa juu kabisa mbele ya wasichana. Na kwa kimo hicho, mnyororo ukikatika, huna breki wala mbadala.

Anza chini. Baiskeli ya gurudumu moja ya kawaida haina mnyororo hata kidogo: mikono ya pedali imekazwa moja kwa moja kwenye ekseli, na ekseli inazunguka pamoja na gurudumu. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zile baiskeli za Uingereza za miaka ya 1870, zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Aliyefunga breki ghafla alijikuta gurudumu dogo liko hewani, na inasemekana hapo ndipo watu walipoanza kujiuliza kama linahitajika kweli. Tafuta gurudumu dogo, la inchi 20 au 24, mtungi wa katikati uwe wa chuma kinachokubali kuchomelewa, na kumbuka kwamba pedali ya kushoto hesi yake inakazwa kinyume. Fundi akisahau hilo, badilisha fundi.

Kuhusu kujifunza: kiti kiwe juu kiasi kwamba mguu ukifika chini unabaki umekunjika kidogo tu. Jaza tairi upepo. Simama kando ya ukuta wa shule, pedali zote mbili zilale sawa, kaa. Nimesema kaa. Kosa la kila mwanafunzi ni kusimama juu ya pedali kama anayepanda ngazi; uzito wako ni wa kiti, miguu ni ya kuongoza tu. Macho yaende mbali, kwenye mwembe ule wa mwisho wa uwanja. Ukitazama gurudumu, utalifuata lilipo, yaani ardhini. Na ukianguka, shuka kwa miguu upande wa mbele, mkono mmoja ukishika ncha ya kiti. Mpaka uweze kuvuka uwanja bila mtu utahitaji saa nyingi zilizogawanywa kwa siku nyingi. Wadogo zako wasirudishe viti bado.

*Mzee, mwanangu alikuwa anapeleka bidoni za mawese Misisi kwa kinga. Sasa anaisimamisha kwa gurudumu la nyuma mbele ya butike na kuzunguka nayo mduara. Watu wanapiga makofi. Makofi hayapikwi na sombe.* – Mama Bidoni

Mama, hayo ya mwisho nimeyaandika ukutani.

Lakini nisikilize. Huku kwetu kila kitu chenye gurudumu kimezaliwa kubeba: bidoni, mihogo, gunia la ndakala, mgonjwa, na mara nyingine kitanda cha mgonjwa. Kijana wako tangu ajue kukanyaga pedali hajawahi kuikanyaga bila mzigo nyuma. Akipata nusu saa jioni ya kinga isiyobeba kitu, mimi simwiti mvivu. Na kuna faida usiyoiona: anayeweza kusimamisha kinga kwa gurudumu moja anajua uzito uko wapi, na huyo bidoni zake hazimwagiki kwenye tope. Asubuhi mawese, jioni duara. Akigeuza ratiba, mnyime bugali.

*Nilipita bariere na gurudumu langu moja. Askari aliniuliza kodi ya kinga. Nikamwambia ni nusu ya kinga. Akasema basi lipa nusu. Ni haki?* – Nusu Kinga, njia ya Nyange

Ni haki kwa maana ya bariere. Wazee wetu wanakumbuka vile vibati vya kodi ambavyo Wabelgiji walilazimisha vifungwe kwenye kila kinga, kwa hiyo mkono huo wa kudai una historia ndefu. Usilibebe begani ukidhani utaponea: likiwa begani linakuwa mzigo, na mzigo una bei yake. Panda, salimia, zunguka mara moja mbele yao. Wakicheka, umepita. Wasipocheka, lipa nusu na uombe karatasi. Utashangaa jinsi ombi la karatasi linavyopunguza bei.

*Shemeji ametoka Goma na chukudu. Anasema atateremka nayo kutoka Fizi mpaka Baraka akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono hewani. Dada yangu analia.* – Mtu wa Familia

Chukudu haina pedali, kwa hiyo kesi hii si yangu, lakini machozi ya dada hayana mipaka.

Mheshimu shemeji kwanza. Chukudu ni mali ya Kivu. Goma waliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009, na ilistahili: mji ule umekula kwa chukudu. Inachongwa kwa mti mgumu, magurudumu ya mbao yanavikwa mpira wa tairi kuukuu, goti moja linalala juu ya ubao na mguu mwingine unasukuma. Inashuka kutoka Kibumba na mboga, kutoka Masisi na makaa, mizigo ya mamia ya kilo. Ila jambo moja: mteremko ni sehemu ya kazi, na aliyeipakia ameiheshimu. Shemeji anataka kushuka na nini? Na sifa yake?

Mwombe akuonyeshe breki. Chukudu nzuri ina kipande cha tairi karibu na gurudumu la nyuma ambacho mwenyewe anakikanyaga kwa kisigino. Akikuonyesha, mwache ashuke kwa goti na mikono miwili. Akikuonyesha ndala yake tu, mwambie dada aendelee kulia, hajakosea.

*Mzee, nina miaka 14. Kaka zangu wanasema gurudumu moja si la msichana.* – Binti wa Lulimba

Huko Japan shule nyingi za msingi zina magurudumu haya uwanjani, na wasichana ndio wanaowapita wavulana. Kaka zako hawana hoja, wana hofu: wewe ukiweza kabla yao, watakosa pa kuficha uso. Ila kitenge na spoku havipatani kabisa. Vaa suruali, na kamba za viatu uzifiche ndani.

*Nimeshaweza. Nataka kwenda mpaka Baraka na gurudumu moja, halafu nilipwe.* – Nimeiva

Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo gumu.

Kwenda inawezekana. Ed Pratt, kijana wa Uingereza, alizunguka dunia kwa gurudumu moja kati ya mwaka 2015 na 2018, lakini lake lilikuwa la inchi 36. Kwa sababu hakuna gia, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, basi piga hesabu: inchi 36 ni mizunguko kama 350 kwa kilomita, inchi 28 ya Phoenix ni kama 450, na la inchi 20 unalojivunia linapita 620. Zidisha mpaka Baraka, kisha ongeza mawe, tope na milima. Mimi ningepanda gari.

Kulipwa ni habari nyingine. Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo imewafundisha vijana wengi kazi ya jukwaani. Ukifika mahali kama pale, hakuna atakayekulipa kwa kwenda mbele. Watataka usimame papo hapo: gurudumu liende nusu mzunguko mbele na nusu nyuma chini yako, mguu wa chini ukifanya kazi yote, wa juu ukitulia, nawe unazungumza na watu kama uliyeketi kwenye kigoda. Kisha kuruka ukiwa umeshika kiti. Kisha kurudi kinyumenyume. Ukiweza hayo yote bila kutoa ulimi nje, andika tena.

Tangazo la mwisho. Mwenye mikono ya pedali ya Phoenix asiyoitumia, hata kama imepinda kidogo, asiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Chali kwa Chali anaitafuta, na anayoikosa ni ya kushoto.