Sentimita Sita za Mpwa Wangu

Simu yangu ina tabia ya kuniingiza kwenye vikao nisivyoalikwa. Asubuhi moja nimeamka, nakuta nimeongezwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 146, picha ya mpwa wangu kavaa suti, na juu yake maneno: KAMATI YA MAANDALIZI. Nikajua anaoa. Nikafurahi, maana harusi hata ikukamue vipi, siku yake ikifika unakula pilau. Nikateremka kusoma. Si harusi. Kijana anakwenda kurefushwa miguu.

Mpwa wangu ana futi tano na inchi tano. Anatembea vizuri, Jumamosi anacheza mpira, hana maradhi yoyote. Anakwenda Istanbul akakatwe mifupa makusudi, arudi na sentimita 6 za ziada. Na orodha ya ahadi ilikuwa imeshafunguliwa, jina langu likiwa la kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mjomba.

Mimi mjomba nina futi tano na inchi mbili.

Nikampigia dada yangu, nikamuuliza kama walinitazama vizuri kabla ya kuniandika. Akanijibu, "Kaka, wewe si umeshaoa?" Nikampigia mwenyewe. "Shikamoo Anko." Marahaba. Nikamuuliza anarefuka aende wapi. Akasema wasichana wa siku hizi wanaandika waziwazi mtandaoni kwamba mwanaume wa chini ya futi tano na saba asijisumbue hata kusalimia. Miaka 22 nimeishi na mke wangu, sijui kama aliwahi kunipima. Nimeogopa kumuuliza.

Bei aliyopewa ni dola 30,000, ndani yake hospitali, chumba na mtu wa mazoezi ya viungo. Ukipiga kwa 2,600 ni shilingi milioni 78. Bima ya ofisi haikutaka hata kusikia. Basi kijana kauza kiwanja chake cha Chanika, kakopa Saccos, na kilichopelea ndicho tulichoandikiwa sisi. Ishirini kwa ishirini nzima imekwenda, inarudi sita, tena za sentimita! Nilimpa ushauri wa bure: rimu ya karatasi za fotokopi ina unene wa sentimita 5 na kitu, dukani kwetu elfu kumi na tano. Asimame juu yake. Hakucheka.

Nikachanga elfu hamsini, nikawekewa alama ya tiki mbele ya kadamnasi.

Kazi yenyewe alinionyesha kwenye video wakati nakula, na sahani sikuimaliza. Mfupa unakatwa, unaachwa kama wiki moja, kisha unaanza kuvutwa milimita 1 kwa siku, tena kwa awamu nne za robo robo, kwa kuzungusha nati kwenye pete za chuma. Pete hizo zimeshikiliwa na nyaya zilizopenya nyama mpaka kwenye mfupa. Kwenye ule mwanya mfupa mpya unaota. Upo pia msumari wa kuingizwa ndani ya mfupa, unaorefushwa kwa sumaku kutoka nje bila pete wala nati, lakini bei yake ilimfanya hata dada yangu anyamaze.

Aliyeanzisha mambo ya pete ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyekuwa Kurgan, kule Siberia, akiwatibu watu ambao mifupa yao iligoma kuunga. Mmoja wao ni Valeriy Brumel, aliyeweka rekodi ya dunia ya kuruka juu, mita 2.28, mwaka 1963. Mwaka 1965 mguu wake ukasagika kwenye ajali ya pikipiki. Alipasuliwa na kupasuliwa bila nafuu, mpaka Ilizarov alipomshika, akaruka tena. Mtu huyo ningemchangia laki, tena bila kukumbushwa.

Usiku nikachukua kalkuleta. Milioni 78 ugawe kwa milimita 60: kila milimita ni shilingi 1,300,000. Kila anapozungusha nati, 325,000 zimekwenda, na anazungusha mara nne kwa siku. Hamsini yangu imenunua kama theluthi ya unene wa karatasi moja ya ile rimu aliyoikataa.

Hayo ya fedha ningeyameza. Tatizo ni kwamba kazi nilimtafutia mimi, na tuko ofisi moja. Sisi ni mawakala wa forodha. Kazi yake ni kukimbizana na hati za makontena bandarini, kazi ya miguu hasa. Alipoomba ruhusa, bosi aliuliza kama mtu aliyejivunja mwenyewe ni mgonjwa au ni mteja. Mwisho cheti cha daktari kikakubaliwa, mhasibu akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mhasibu wetu hasamehe hata senti. Alitoa wiki ya kungojea, akahesabu siku za nati, akatangaza kwamba mshahara kamili utakatika kijana akiwa amefika sentimita 5 na milimita 6. Milimita nne za mwisho atarefuka kwa nusu mshahara. Na mfupa ukishavutwa haujawa mfupa bado; kukomaa kwake kunadai miezi mingine, na hiyo sheria haiijui.

Bosi akaniita. "Wewe ndiye mjomba wake. Shika mafaili yake."

Basi miezi miwili miguu yake ikivutwa Istanbul, yangu ilisagika Bandari. Geti hili, dirisha lile, rudi, muhuri haujakolea. Kontena likichelewa linatozwa kwa siku, nalo halijui kwamba mhusika yuko kitandani na nati. Yeye alikubaliwa kufanya za kompyuta akiwa hukohuko. Na kwa kuwa saa za Istanbul na za Dar es Salaam ni zilezile, hakuwa na kisingizio. Mimi pia sikuwa nacho. Maumivu yanamnyima usingizi, ananipigia saa nane usiku: "Anko, ile hati ya mitumba umeandika uzito wa lori." Kwenye mkutano wa video alikaa kakunja uso, bosi akadhani anapinga bajeti.

Karudi sasa. Suruali haipiti kwenye pete, anashinda na msuli. Misuli haitaki kufuata mfupa, vidole vinataka kuelekea chini, kwa hiyo kila siku ananyooshwa, na anapiga kelele ambazo majirani wa Tabata wamezizoea. Kwenye bajaji haenei. Choo cha dada ni cha kuchuchumaa, na yeye hachuchumai, hivyo kundi likafunguliwa upya kwa ajili ya choo cha kukaa. Nilichanga ishirini. Nikimtembelea ananipokea amekaa, kwa hiyo urefu wenyewe sijauona. Juzi alisimama na kigari chake cha kutembelea, akainama kukishika, nikamwona yuko sawa na mimi.

Jana usiku nimeongezwa kwenye kundi jipya: KAMATI YA KUTOA VYUMA. Mhazini ni mimi. Namba ya kutuma ni hii hii yangu, na jina likitokea hakikisha kabla ya kubonyeza.