Mwongozo kwa Muhogo Usiotaka Ndoa

Kwanza, ndugu Muhogo, kubali kukatwa pingili. Kila pingili ikifukiwa inakuwa wewe yuleyule, bila posa wala kungoja nyuki. Hesabu iko upande wako: jike anayezaa majike matupu bila dume, ukoo wake huongezeka kwa kasi maradufu ya ule wa jirani ambaye nusu ya watoto wake ni madume wasiobeba mimba. John Maynard Smith, mwanabiolojia wa Uingereza, aliikazia hoja hii miaka ya 1970. Kwa gharama hiyo ya kuzaa madume, mbona viumbe wengi bado wanatafuta wenza?

Pili, wakaribishe inzi weupe, wakuletee batobato, ugonjwa wa kirusi unaokunja majani. Kirusi kikishajua kufungua kufuli moja, kimefungua shamba zima, maana kila shina lina kufuli lilelile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kuenea Uganda, na kuna sehemu ambako wakulima waliacha kabisa kupanda muhogo.

Tatu, na hapa nakusihi ubadili nia, nenda kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, Tanzania. Huko, kuanzia miaka ya 1930, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuoza kwa jamaa yako wa mbali, mpira wa Ceará, mti uliopandwa kwa ajili ya utomvu. Wazao walirithi ukinzani, lakini mizizi haikufaa chunguni, ikabidi waozwe tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi. Damu hiyo ya Amani ilifika Nigeria, ikaingia katika mbegu stahimilivu, na baadhi ya mbegu hizo ndizo zilizosambazwa kwa wakulima wa Uganda miaka ya 1990.

Nne, chanua. Katika kishada chako maua ya kike, yale ya chini, hufunguka siku kadhaa kabla ya ya kiume, hivyo chavua mara nyingi hutoka kwa shina jingine. Tunda likikauka hupasuka pa! na kurusha mbegu zake 3, kila moja na kufuli lake jipya ambalo kirusi hakijawahi kuligusa.

Nawe mwenye jembe, ukikuta mche ulioota wenyewe kwa mbegu, usiung'oe pamoja na magugu. Uchomekee kijiti cha alama. Usitafune mzizi wake mbichi, kwani huenda ni mchungu. Lakini majani yake yakibaki safi huku ya jirani zake yamekunjamana, mwite bwana shamba auone.