Kuchakaza Ndege kwa Makusudi

Hapa Tanga kuchakaa ni bure. Upepo wa bahari unakula geti, unakula baiskeli, unakula hata bawaba za dirisha lililowekwa juzi, wala hakuna aliyewahi kuulipa. Ndiyo maana majirani hawanielewi wanaponikuta barazani na brashi ya nywele tatu, nikiipaka uchafu ndege mpya niliyoinunua kwa fedha zangu.

Ndege yenyewe ni Spitfire ya Waingereza, ile iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936 na kujipatia jina katika mapigano ya anga ya mwaka 1940. Yangu ni ya plastiki, kwa kipimo cha moja kwa 72. Kipimo hicho hakikuokotwa tu: inchi moja inasimama mahali pa futi sita, hivyo rubani mrefu anatosha pingili ya kidole. Mabawa ambayo kwenye ndege halisi yalizidi mita 11, kwangu hayafiki sentimita 16.

Ubaya wa kipimo hicho ni kwamba hakipunguzi kila kitu. Mbu, kwa mfano, hapungui. Jioni moja nimemaliza kupaka kijani na kahawia ya mgongoni, rangi bado mbichi, akaja mbu akatua kwenye bawa la kulia, akanasa. Mbu wa milimita sita ukimzidisha mara 72 unapata sentimita 43: kunguru mzima amezama kwenye bawa la ndege ya kivita! Nilimtoa kwa kibano, mguu mmoja ukabaki. Upo hadi leo ndani ya rangi. Wageni nawaambia ni ufa wa vita. Alama ya kidole nayo ni hivyo hivyo. Ukigusa rangi mbichi kidogo tu, umeacha duara la zaidi ya mita moja lenye michirizi ambayo hakuna fundi wa jeshi la anga aliyewahi kuiona.

Tumbo la ndege lilinipa raha. Juni 1940 Waingereza waliamuru matumbo ya ndege zao za kivita yapakwe rangi mpya, kijani kilichofifia sana. Rangi ikaadimika, na vikosi vikaanza kuchanganya za kwao. Maana yake, mchanganyiko wowote ninaoukoroga kwenye kifuniko cha soda unaweza kuwa na kikosi chake. Anayebisha alete ushahidi.

Kazi ngumu ni uchakavu. Nilimpelekea fundi rangi wa gereji ya jirani anishauri. Akaigeuza geuza, akasema, "Bosi, hapa unaweka kutu tu, basi." Yeye riziki yake ni magari ya mwambao, kutu anaijua kwa majina. Lakini ngozi ya Spitfire ni ya aluminiamu, na aluminiamu ni kama sufuria zetu: ukiikwangua haiwi nyekundu, inang'aa. Nilipomweleza, alinitazama kwa huruma. "Ndege ya mwaka arobaini haina kutu? Sasa bosi, nani atakuamini?"

Wenye mchezo huu wanadai kila doa liwe na sababu. Mlango mdogo wa rubani ulikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo mikwaruzo ya viatu inakaa kwenye shina la bawa la kushoto. Masizi ya injini ya Merlin yanatoka kwenye ekzosi na kurudi nyuma yakifuata upepo, yakififia taratibu. Midomo ya bunduki nane ilizibwa kwa vipande vya kitambaa chekundu kuzuia uchafu na unyevu, na risasi ya kwanza ndiyo inayovitoboa. Ukiviacha vizima kisha ukapaka moshi wa bunduki kwenye bawa, umesimulia ndege iliyopigana, ikatua, ikabandikwa vitambaa vipya, na hakuna aliyejisumbua kuifuta. Inawezekana, ila ujiandae kuulizwa. Na wengi tunazidisha. Mwaka ule Spitfire nyingi ziliangushwa kabla jua halijapata nafasi ya kupausha rangi zake. Ndege iliyochakaa ni ndege iliyobahatika.

Masizi yangu niliyapata kwa kusaga mkaa kuwa unga laini na kuupaka kwa brashi kavu. Kwa kweli yalikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kilichobaki ni vanishi isiyong'aa ya kuushika unga usifutike, na vanishi hiyo ya kupuliza haitaki unyevu hewani. Ukiipuliza siku ya unyevu inaganda nyeupe, na ndege yako inakuwa imeruka ndani ya ukungu na kubaki humo. Sasa ilikuwa masika, Aprili, Tanga. Nikaiweka ndege juu ya kabati la sebuleni, nikingoja siku kavu.

Kabla ya siku kavu akaja shangazi kutoka Pangani. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi mkekani, nyumba nzima inanukia sabuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ile ndege ya mtoto nimekuoshea. Masizi yote yale, mlikuwa mnaiweka jikoni?"

Mke wangu, ambaye aliyashuhudia yote, ghafla alikumbuka kuna kitu kinaungua. Niliiangalia ndege. Moshi wa Merlin ulikuwa umekwenda na maji, na rangi ya fedha niliyodonoa kama mikwaruzo nayo ilikuwa imesuguliwa ikaisha. Mguu wa mbu haukutoka. Nikasema ahsante, shangazi, maana hakuna jingine la kumwambia shangazi aliyepanda basi kuja kukusalimu na kukusafishia nyumba.

Mkaa mwingine nimeshausaga. Kwa hiyo, msomaji, ukipita Tanga karibu kwangu unywe chai. Lakini kitu chochote utakachokikuta kichafu juu ya kabati, hasa kikiwa na mabawa, nakuomba ukiache kama kilivyo.