Wa Ngapi?

Kusahihisha ni nusu ya kazi ya ualimu. Nusu iliyobaki ni kumweleza mzazi. Kuanzia Kahama hadi Katoro, mzazi akipewa ripoti huruka masomo yote na kuuliza: wa ngapi? Aliyeongoza darasa kwa wastani wa 30 hununuliwa soda. Wa arobaini mwenye wastani wa 70 hutafutiwa fimbo.

Wanafunzi nao wanajua kilicho na thamani. Kalamu nyekundu inauzwa duka lolote, na 13 ikikunjwa vizuri inafika nyumbani ikiwa 18. Maneno ni magumu kughushi, na hiyo ni sababu tosha ya mwalimu kufuta safu ya nafasi na kuandika: "Anajumlisha sehemu vizuri, kuzigawanya bado." Hapo ndipo baba anapoingia ofisini, buti zikiwa na tope la mwalo wa kuoshea dhahabu, akiigeuza karatasi mbele na nyuma. "Mwalimu, hii ni barua. Matokeo yako wapi?" Si wa kulaumiwa. Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, na pale dhahabu hupimwa, karati zikasomwa. Hakuna mchimbaji anayeambiwa dhahabu yake inajitahidi.

Taifa lenyewe limehangaika na vipimo. Kidato cha nne cha 2012 walifeli kwa wingi hata matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka 2014 divisheni zikaondolewa, ikaja GPA. Matokeo ya 2015 yakatoka na divisheni tena. Alama 60 iliyokuwa B+ mwaka 2014 leo ni C, kwa hiyo kaka na mdogo wake waliopata alama ileile hawali ugali kwa amani: mkubwa ana B+ yake, na mdogo hana wa kumkatia rufaa. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Mzazi hakuacha kuuliza.

Kinachosaidia kidogo ni kuandika alama mbili sambamba, ya jaribio la Machi na ya Juni, kwa tarakimu na kwa maneno, halafu sentensi moja ya kile kilichomshinda mtoto. Kazi huongezeka, hasa darasa likipita wanafunzi 80. Lakini 28 iliyopanda hadi 41 inaeleza mtoto amejifunza kiasi gani; nafasi ya tano inaeleza tu kwamba wanne walimpita.