Mapacha na Lugha ya Kaa

Katika kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta, ulichokijua jana huzikwa hadharani, na tarehe ya mazishi hutangazwa mapema. Python ya pili, iliyonilipia kodi ya nyumba na sehemu ya mahari, ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mwaka uliotangulia, Google ilisema wanaotengeneza programu za Android waanze na Kotlin, na wenzetu wa Java wakaitwa wazee kabla ya kuota mvi. JavaScript haizikwi, maana Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995 na tangu hapo haijapata muda wa kupumzika, lakini kila ukiamka unakuta imezaa kitu kipya. Hayo yote nilishayazoea. Jambo geni kwangu lilikuwa kujifunza lugha mpya katika nyumba ambayo nayo imeongezeka watu.

Lugha yenyewe ni Rust. Kiongozi wa timu yetu alitangaza kwamba sehemu ya mfumo wa malipo iliyoandikwa kwa C++ inahamia huko. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba hata Ikulu ya Marekani, katika ripoti ya Februari 2024, imewataka watu wa kazi yetu waachane na lugha zinazoruhusu programu kuchezea kumbukumbu ya kompyuta ovyo. Hakuna aliyepinga. Unaanzaje kubishana na Ikulu, hata kama ni ya watu wengine? Mke wangu wakati huo alikuwa na ujauzito wa mapacha, na mapacha, kama ilivyo desturi yao, hawakungoja tarehe waliyopangiwa na daktari. Waliingia duniani wiki ileile mafunzo ya Rust yalipoanza.

Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama anapewa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akijifungua zaidi ya mmoja kwa mpigo zinafika 100. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa kwa mtoto. Nikatafuta nyongeza ya mapacha kwa upande wa baba. Kumbe imo, ila ni ufafanuzi: siku ni hizohizo 3 hata watoto wawe wangapi. Mtunga sheria aliona mbali. Alijua iko siku atatokea mtu hapa Tabata, Dar es Salaam, akipiga hesabu kwamba hiyo ni siku moja na nusu kwa kila mtoto.

Mama mkwe alishuka stendi ya Magufuli akitoka Mwanza, na gunia la michembe, sato wakavu, na majina mawili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba Kulwa. Doto hajambo?”

Nilikuwa na orodha yangu ya majina, nimeipanga kwa alfabeti na kuihifadhi sehemu tatu tofauti. Sikuifungua. Watu wa kazi yangu wana msemo kwamba hakuna kazi ngumu kama kuvipa vitu majina, na tunaweza kubishana siku nzima kuhusu jina la kitu ambacho mteja hatakiona. Wasukuma walilimaliza tatizo hilo zamani sana. Pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Hakuna kikao wala kura. Nikajaribu kuonyesha kwamba nimekubali kwa moyo mweupe. Nikamweleza mama kuwa mpangilio huo unanifaa hata kikazi, maana kompyuta huanza kuhesabu orodha kwenye sifuri, kwa hiyo Kulwa ni sifuri na Doto ni moja.

Mama alinitazama, kisha akamgeukia binti yake. “Anasema Kulwa ni sifuri?”

Jioni nzima iliishia kwenye suluhu.

Kesho yake meza yangu ya kazi ikawa meza ya kuogeshea watoto, kwa sababu ilikuwa na urefu sahihi na ilikuwa karibu na swichi ya birika. Kiti changu cha kuzunguka, kile cha kulinda mgongo, mama alikikalia kumbembelezea Doto akakuta kinafaa. Mtu mzima akishakaa, kijana hamwambii anyanyuke, na mkwe ndiyo kabisa. Nikahamia jikoni, kompyuta juu ya ndoo ya mchele. Sasa, Rust inasifika kwa mambo mengi, lakini haisifiki kwa haraka ya kujenga programu. Kila nilipobonyeza, feni ya kompyuta ilivuma na hewa ya moto ikatoka ubavuni. Ilikuwa masika na nepi hazikauki. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyegundua uhusiano wa mambo hayo mawili. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba kazi yangu haina faida nyumbani. Ikifika jioni nilikuwa naulizwa kwa heshima kama leo “napika” tena.

Niwaeleze kidogo asili ya lugha hii. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Graydon Hoare, mfanyakazi wa Mozilla. Inasimuliwa kwamba alirudi kwake Vancouver akakuta lifti ya jengo imegoma kwa hitilafu ya programu yake, akapanda ngazi hadi ghorofa ya 21, na huku anahema akajiuliza inakuwaje watu wa kompyuta tunashindwa kutengeneza hata lifti isiyogoma. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2015. Dawa iliyomo ni ukali. Kila kitu kina mwenyewe mmoja tu. Ukimpa mwingine, si chako tena, na ukithubutu kukigusa, kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu, inakataa kazi yote na kukutupia namba ya kosa, E0382. Ukitaka kibaki chako, unakiazimisha. Hapo nako kuna masharti: wanaotaka kutazama tu wanaweza kuwa wengi, lakini anayetaka kubadilisha kitu lazima awe peke yake. Wakitokea wawili, ni E0499, na kazi inasimama.

Jaribu kuishi kwa sheria hiyo katika nyumba yenye wazazi wapya. Chaja ya simu ilikuwa yangu. Nikamwazimisha shemeji, shemeji akampa mama, mama akaenda nayo kwa jirani siku umeme wetu wa LUKU ulipoisha, apate kumpigia dada yake wa Sengerema. Kwa Rust mnyororo kama huo haupiti. Kwetu ulipita vizuri kabisa, isipokuwa chaja haikurudi. Na wenye ruhusa ya kubadilisha walikuwa ukoo mzima: mama alibadilisha nepi, shangazi alibadilisha kofia, jirani alibadilisha ushauri wa jana. Mimi peke yangu ndiye niliyepewa haki ya kutazama tu.

Kosa la hatari zaidi lilitokana na picha. Wapenzi wa Rust wana nembo yao, kaa mdogo wa rangi ya chungwa anayeitwa Ferris, na utamkuta kwenye somo baada ya somo. Mama alipoingia jikoni usiku kuchukua maji ya moto, alinikuta nimekodolea macho kaa. Usiku wa pili, kaa tena, safari hii amenyanyua makucha. Mama amelelewa kando ya Ziwa Victoria, na kwa mtu wa ziwani, mwanamume anayekesha akitazama kitoweo hana jambo jingine: yuko kwenye biashara. Hakuniuliza. Alipiga simu Mwanza.

Baada ya hapo nikaanza kupokea salamu za ajabu. Mjomba wa Magu alitaka kujua kama mtaji unarudi. Jirani wa nyumba ya pili alinisimamisha getini: “Baba Kulwa, hao kaa unauza kwa kilo au mmojammoja?” Nilikimbilia kwa mke wangu anisaidie kukanusha. Alikuwa ameshasikia kila kitu na hakuwa ameguswa hata kidogo.

“Waache,” alisema. “Miaka yote walikuwa wananihurumia kwamba nimeolewa na mtu anayeshinda nyumbani. Angalau sasa wanajua una kazi.”

Nikaona njia ya kuisafisha sifa yangu ni kuitumia hiyo lugha kwa jambo la familia. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Wakiwa wawili hizo ni mara 16 hadi 24, na wetu wanafanana kiasi kwamba mmoja angeweza kula zamu mbili na mwenzake akashitakiwa kwa ulafi. Nikaandika programu ndogo ya kurekodi nani amenyonya na saa ngapi. Kompaila iliikataa kwa namba zote ilizonazo, kisha ikaikubali. Shemeji akateuliwa karani. Mama akamwita usiku: “Andika, Doto kanyonya saa nane.” Shemeji, kijana mtiifu, akaandika 8.

Kompyuta haijui kwamba kwetu saa za usiku zinaanza kuhesabiwa jua likizama. Kwake yeye 8 ni saa mbili asubuhi. Ilipofika saa kumi alfajiri Doto akaangua kilio, na mke wangu, macho yamefumba nusu, akaomba asomewe taarifa. Taarifa ilisema Doto alinyonya saa nne zijazo. Lugha iliyopigiwa debe na Ikulu ya Marekani ilikuwa imefaulu kila ukaguzi: hakuna kumbukumbu iliyochezewa, hakuna kitu kilichoazimwa bila idhini. Ulinzi dhidi ya saa ya Kiswahili haumo. Na shemeji, katika kutafuta wa kumlaumu, alifukua kwenye mipangilio akakuta kwamba katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi, Dar es Salaam ni jina la pembeni tu linaloelekeza kwenye Nairobi. Akatangaza sebuleni kwamba watoto wa Tabata wananyonyeshwa kwa saa za Kenya.

Mama akaleta mfumo wake. Uzi mwekundu mkononi mwa Kulwa, vikombe viwili dirishani, na kila anayenyonya anawekewa punje ya mahindi kikombeni mwake. Umeme ulipokata, mfumo haukukata. Haukudai nenosiri. Ulikwama siku moja tu, uzi ulipochomoka ndani ya beseni wakati wote wawili wanaogeshwa, na kwa dakika chache tukawa na watoto wawili wa sabuni wasio na majina. Sote tulinyamaza. Mama akawainua mmojammoja, akawatazama masikioni, akasema, “Huyu Kulwa.” Akafunga uzi upya. Hadi leo ushahidi tulionao ni huo.

Kitu kimoja nilikipata ambacho mafunzo ya ofisini hayakunipa. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, walisimulia habari ya mwandishi wa programu aliyetembea na bata wa mpira, akimweleza shida yake mstari kwa mstari mpaka jibu linajileta lenyewe. Bata tulikuwa naye, wa kuogea, lakini mimi nilikuwa na Doto, ambaye usiku hakuwa na nia ya kulala. Nikimbembeleza huku na huko jikoni, nilimweleza jinsi Rust inavyopima kitu kilichoazimwa kitaishi muda gani, na kwa nini hakiruhusiwi kuishi zaidi ya mwenyewe. Mikono ikishika mtoto, huwezi kubahatisha kwa kuandika na kufuta. Inabidi ufikiri. Sehemu ngumu kuliko zote katika lugha ile nilizielewa nikiwa sigusi kompyuta, na aliyenifundisha alikuwa akinitapikia begani.

Kazi yangu ilikamilika na mfumo wa malipo unakwenda. Kiongozi wa timu ameshaanza kutaja jina la kitu kingine kipya, kwa sauti ya mtu aliyesoma makala moja. Na mama, siku anaondoka, alinikalisha kwenye kile kiti changu, akashika mlango, akauliza, “Baba Kulwa, Shija tumtegemee lini?”

Kwa hiyo nina neno kwa vijana wa kazi hii wanaotarajia mtoto. Ofisi ikitaka mhamie lugha mpya mwezi ambao mkeo anajifungua, mwambie mkuu wako kwa adabu kwamba lugha husogezwa mbele na mtoto hasogezwi. Akibisha, usibishane naye. Mpe simu mama mkwe wako azungumze naye.